Taa ya Mwakigari

Taa ya injini iliwaka Ijumaa saa nne na robo asubuhi, na mpaka inafika Jumanne Mzee Ambokile alikuwa ameshaizima mara tatu kwa plasta ya kidonda.

Kuizima ni maneno yake yeye. Alikuwa ameifunika tu, na kwenye kingo za plasta ule umanjano ulichungulia kama yai linalovuja. Na kila alipobandika, gari lilimjibu kwa sauti yake mwenyewe, ile ile yenye kukwaruza mwishoni kama ya mtu aliyemeza ugali bila mboga:

"Umeniziba jicho. Nina tatizo kwenye injini. Zimebaki siku tatu."

"Nyamaza."

"Gari lenye taa haliruhusiwi kunyamaza."

"Nani kakufundisha ubishi?"

"Wewe."

Bibi Tupokigwe, mkewe, alikuwa amekaa mlangoni anamenya nyuzi za majani ya maboga, na hakuinua kichwa. Miaka minne sasa alikuwa anamsikia mume wake akigombana na mume wake, na alishajifunza kutochagua upande.

Magari ya siku hizo yalitoka kiwandani bubu. Mwezi wa kwanza yalisikiliza tu, halafu yakachukua sauti ya mtu aliyeongea nayo zaidi. Mzee Ambokile mwezi ule alihamia garini, hata chakula akawa anapelekewa humo. Mwezi ulipoisha, gari lilimwita Bibi Tupokigwe, "Mama Lugano, chai iko wapi?" naye akamwaga sufuria nzima ya uji. Majirani wa Kilambo cha Juu wakasema hilo si gari tena, limeingia ukoo, wakalipatia na jina la ukoo: Mwakigari.

Minza, mke wa mwanawe Lugano, alikuwa anatoka bombani na ndoo yake ya bluu, ile yenye ufa uliozibwa kwa plastiki nyeusi. Alipolisikia lile "Wewe", alitua ndoo chini, akajifunika kanga usoni, akapotelea nyuma ya jiko.

"Ni gari, mwanangu!" Bibi Tupokigwe alimwambia. "Baba yako yuko pembeni anatafuta plasta nyingine."

"Sauti ni ya Baba," Minza alijibu kutoka nyuma ya jiko. "Na kina mama wa kwaya walishakaa kikao wakaamua, Mama. Sauti yake ni yeye."

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani. Wakikutana njiani, mwanamke anapisha, anaingia porini mpaka mkwe apite. Kizazi cha Bibi Tupokigwe kilikuwa kimeuacha mwiko huo ufe taratibu, halafu vijana wakaufufua wenyewe, kama wanavyofufua mitindo ya suruali. Minza alikuwa Msukuma wa Maswa, hakuna aliyemlazimisha. Lakini aliushika kwa mikono miwili. "Kwetu nilikuwa na wajomba saba, wote nawapelekea chai," alikuwa akisema. "Huku nina baba mkwe mmoja, na hata kikombe siruhusiwi kumpa. Mnataka niuache mwiko kama huu?"

Ubaya ni kwamba Minza alisomea ufundi wa magari chuoni, miaka mitatu. Kijiji kizima kilikuwa na fundi mmoja wa kulitengeneza gari moja la kijiji, na fundi huyo likimsemesha anakimbia.

"Mimi naenda kwenye kikao cha chama cha chai," Mzee Ambokile alisema, akivaa kofia. "Hiyo taa itachoka yenyewe. Taa gani inawaka mwaka mzima?" Akapita getini, akasimama mbele ya koti la mvua lililoanikwa kwenye uzio, akalivulia kofia. "Habari za asubuhi, Mwalimu."

Koti halikujibu.

"Watu wa siku hizi," alisema Mzee Ambokile, akaenda zake.

Bibi Tupokigwe alicheka peke yake. Alidhani ni utani.

Kisha akacheka kidogo zaidi, halafu akaacha, kwa sababu alianza kuhesabu. Siku tatu. Gari lililomaliza siku saba na taa halikungoja mtu: lilijiwasha lenyewe, likajiendesha mpaka Yadi ya Kuyeyushia kule bondeni, na huko likawa masufuria. Gari la Mzee Mwalukasa liliondoka hivyo mwezi wa tatu na kuku wake wawili waliokuwa wanatagia kiti cha nyuma. Kituo cha matengenezo kilikuwa na foleni ya wiki tisa. Na Mwakigari ndiye aliyeteremsha chai mbichi ya nyumba kumi na nne kwenda kiwandani. Akiyeyushwa, majani yangevundia kwenye magunia, na Mzee Ambokile, ambaye hakuwa na kitu kingine cha kujivunia isipokuwa usukani, angevunda pamoja nayo.

Aliweka mboga pembeni, akajifuta mikono.

"Minza mwanangu. Sheria inasema mwenye gari anaweza kulitengeneza mwenyewe?"

"Mwenye jina kwenye kadi, ndiyo."

"Jina langu limo. La pili. Basi wewe kaa huko huko nyuma ya jiko na kitabu chako. Utasema, mimi nitafanya."

"Mama, umewahi kushika spana?"

"Nimewahi kuzalisha ng'ombe mapacha. Anza."

*

Walianza Jumatano, Mzee Ambokile akiwa amerudi kulala na goti. Goti lake lilikuwa na tabia ya kuuma siku za kulima na siku za kupasua kuni, na Jumatano ilikuwa siku ya kulima.

"Kwanza kifuniko cha tangi!" Minza alipaza sauti kutoka nyuma ya ukuta wa jiko. "Magari kumi yakiwasha taa, manne ni kifuniko kilicholegea. Gesi ya migomba inavuja, injini inadhani inaumwa. Kikaze mpaka kilie mara tatu!"

Bibi Tupokigwe alikikaza. Kililia mara tatu. Akakikaza tena, kwa usalama, kikalia mara ya nne.

"Umenikaba," alisema Mwakigari.

"Pole, baba. Umepona?"

"Nina tatizo kwenye injini. Zimebaki siku mbili."

"Kisomeo!" Minza alirusha juu ya paa la jiko kidude kidogo kama kiberiti, kikatua kwenye matuta ya viazi. Bibi Tupokigwe alikitafuta dakika kumi bila kununa, akakipata, akajikunja chini ya usukani na kukichomeka kwenye tundu lake. Namba ikatokea. Aliisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama alivyofundishwa darasa la pili.

"Tisa. Sifuri. Tisa."

Nyuma ya jiko kurasa zilipeperuka. Kitabu cha namba za magari kilikuwa na kurasa mia nane na ushee, na Minza alikitumia pia kuzuia mlango wa banda la mbuzi.

"Mama… imeandikwa hivi. 'Gari lina wasiwasi.'"

"Wasiwasi wa nini?"

"Hawasemi. 'Kagua vyote kwa mpangilio. Vikiwa vizima vyote, soma ukurasa wa 812.' Ngoja nifungue huo ukurasa."

"Acha."

"Nichungulie tu?"

"Kitabu kimesema tukimaliza. Tumemaliza?"

Minza alivuta pumzi ndefu, ikasikika mpaka kwenye gari. Alikuwa ameolewa miaka miwili, na alikuwa bado hajazoea mwendo wa mama mkwe wake, ambaye hata maharage aliyasubiri yachemke kwa mapenzi yao wenyewe.

*

Alhamisi mchana mvua ya manyunyu ilishuka kutoka Mlima Rungwe, na Mzee Ambokile akaenda tena kwenye kikao. Bibi Tupokigwe alifunga mfuko wa sukari kichwani, akafungua boneti.

"Toa plagi moja kwanza. Ya mwisho kwenye mstari, upande wa kushoto. Utaona rangi nchani. Ikiwa nyeusi, moto haushiki vizuri. Ikiwa nyeupe, injini inaungua. Ikiwa kahawia…"

"Kama nini?"

"Kama chai ya maziwa."

"Maziwa mengi au machache?"

Chuoni hawakulifundisha hilo. "Ya wageni, Mama."

Bibi Tupokigwe aliigeuzageuza plagi mbele ya macho yake. Chai ya wageni kabisa. Akatoa ya pili, ya tatu, ya nne, zote zingeweza kupewa mchungaji. Akazirudisha moja moja, akizikaza kwa mkono kwanza, kisha spana, kama alivyoambiwa. Akafuatisha waya kwa vidole, akitafuta palipogugunwa na panya. Hapakuwa na panya. Akasikiliza mabomba. Hayakuvuja.

"Limebaki boksi la hewa," alisema Minza, na sauti yake ilikuwa imeanza kuogopa. "Fungua klipu nne. Ndani kuna chujio kama karatasi iliyokunjwakunjwa. Likiziba, injini inakosa pumzi."

Klipu tatu zilifunguka. Ya nne aliibembeleza kwa kijiko. Ndani ya boksi alikuta chujio, mende wawili waliokauka, vumbi la majani ya chai, na bahasha.

Alidhani ndiyo yenyewe. Bahasha imeziba hewa! Akaitoa, akakimbia (kwa kadiri ya umri wake) mpaka mlango wa dereva, akatazama. Taa ilikuwa inawaka vilevile.

Mvua ikaongezeka. Aliingia garini, akafunga mlango, akafungua bahasha. Bibi Tupokigwe aliishia darasa la tatu, na alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: anasimama kwenye neno, anatafuta jingine, anaruka. Barua za nyumba ile zilisomwa na Mzee Ambokile, miaka arobaini na sita sasa, naye alimwachia kwa sababu alipenda kusomewa. Hii aliisoma mwenyewe.

*Ambokile. Mtoto wa jicho. Macho yote mawili. Afanyiwe upasuaji. Asiendeshe chombo chochote mpaka apone.*

Tarehe ilikuwa ya miezi minane nyuma.

Alikaa pale, mvua inapiga bati la gari. Akalikumbuka koti kwenye uzio. Akamkumbuka mumewe Jumapili akimsifu mbuzi kwa sauti nzuri ya kuimba, na watu wote wakacheka, na yeye Mzee akacheka baadaye kidogo, baada ya kusikia wenzake wamecheka.

"Mwakigari," alisema polepole. "Injini yako ni nzima."

Gari lilinyamaza, ingawa lilikuwa haliruhusiwi.

"Nani anaendesha? Yeye au…"

"Mama Lugano," gari lilisema, na sauti ya mumewe ilikuwa ndogo kuliko alivyowahi kuisikia, hata usiku ule Lugano alipougua. "Usiniulize habari za dereva. Nikiulizwa na mwenye jina kwenye kadi, lazima nijibu kweli, na jibu linafika ofisini Tukuyu kabla hujafunga mdomo. Dereva aliyeripotiwa na gari lake hashiki usukani tena maisha yake yote. Usiniulize."

"Sikuulizi."

"Habari zangu mimi naweza kusema."

"Haya, sema zako."

"Mimi naijua njia. Mimi nakata kona zote saba tangu Krismasi. Mimi nasimama kwenye mifugo. Ijumaa saa nne na robo, kona ya bomba, mimi nilivuta kulia, usukani ukavutwa kushoto kwa nguvu nyingi kuliko yangu. Mimi niliona ndoo ya bluu. Nilifunga breki. Ilibaki nafasi ya kiganja. Mimi niliogopa. Ndipo nikawasha taa."

Kwenye kioo cha mbele yakatokea maandishi, makubwa, ya kijani: INJINI NZIMA? WEKA KIDOLE GUMBA.

"Ukiweka kidole," alisema Mwakigari, "taa inazimika. Kesho anabeba chai. Mimi siyeyushwi. Hakuna atakayejua."

Bibi Tupokigwe alikitazama kidole chake gumba. Kilikuwa na grisi, na kingesema kweli tupu: injini ilikuwa nzima, kitu ambacho mtu yeyote angeweza kuapa. Uongo wenyewe ungekuja kesho, kwenye kona ya bomba.

Ndoo ya bluu.

Alishuka garini bila kugusa kioo, akaenda nyuma ya jiko. Minza alikuwa amechuchumaa chini ya mchirizi, kitabu kifuani.

"Mwanangu. Ndoo yako ilipasukaje?"

Minza alitazama chini. "Iliniponyoka."

"Kona ya bomba?"

Hapo Minza akaanza kulia, kilio cha mtu aliyekuwa anakitunza. "Nisamehe, Mama. Nilichelewa kupisha! Nilimsikia Baba anakuja, nikasema nivuke kwanza ndipo nijifiche, na gari likanijia. Nikajirusha shambani, kwenye chai. Baba akapita akifoka kuhusu shimo. Nikajua ameniona barabarani, nimemvunjia heshima. Nilikuwa natafuta kuku wa kumpelekea fidia, jogoo mweupe, ila weupe hawapatikani…"

"Wewe umenusurika kukanyagwa na gari, halafu aliyetaka kukukanyaga unamtafutia kuku?"

"Na si mara ya kwanza." Minza alijipangusa kwa kanga. "Mwezi wa sita, bombani. Tulikutana uso kwa uso. Sikuwa na pa kukimbilia. Akanitazama hivi, Mama, machoni, akasema, 'Mama Lugano, leo umependeza.' Nilitaka ardhi inimeze. Sikumwambia hata mume wangu. Ningemwambia nini? Baba yako amenisifia?"

Bibi Tupokigwe alikaa chini kwenye gogo lililolowa maji. Halafu, Mungu amsamehe, alicheka mpaka mfuko wa sukari ukamdondoka kichwani. Mwanamke mmoja tu kijiji kizima ndiye aliyekuwa na ushahidi kwamba mzee haoni, na ndiye ambaye mwiko ulimkataza kumtazama.

"Hakukuona, mwanangu. Ana miezi minane hamwoni mtu."

Minza alipanua mdomo.

"Sasa," alisema Bibi Tupokigwe, akijifuta machozi. "Vyote vimekaguliwa, vyote vizima. Fungua ukurasa wa 812."

Ukurasa wa 812 ulikuwa na mistari mitatu tu. Minza aliisoma kwa kunong'ona, kama yuko kanisani. "'Tatizo haliko kwenye gari. Dereva anayeshushwa na gari lake harudi. Dereva anayeshuka mwenyewe atarudi akipona.'"

*

Ijumaa saa nne kasoro tano Mzee Ambokile alitoka ndani amevaa koti la udereva na kofia yake ya safari. Uwanja ulikuwa umejaa magunia ya chai na wanawake wa nyumba kumi na nne, wamekuja kuona kama Mwakigari atabeba au atabebwa. Minza alikuwa nyuma ya jiko, jicho moja kwenye upenyo wa tofali.

"Zimebaki dakika ishirini," alisema Mwakigari.

"Atanyamaza huyo," Mzee Ambokile aliwaambia wanawake. "Namjua. Anatishia."

"Baba Lugano," alisema mkewe, "njoo ukae garini kidogo. Kuna barua, nisomee."

"Barua sasa hivi?"

"Inaonekana ya maana. Na mimi darasa la tatu langu unalijua, siku za mvua sikwenda."

Hilo lilimlainisha. Akaingia upande wake, yeye akaingia upande wa pili, milango ikafungwa. Bibi Tupokigwe alikuwa ameipiga pasi karatasi ile asubuhi, mikunjo yote ikapotea. Akamwekea mkononi.

Mzee Ambokile alinyoosha mkono mbali, akaivuta karibu, akasafisha koo.

"'Kwa mwanachama mpendwa, Ndugu Ambokile. Salaam nyingi. Sisi wakuu wa chama tunapenda kukupongeza kwa uendeshaji wako bora…' Umesikia hapo?"

"Nimesikia. Endelea."

"'…usiokuwa na ajali hata moja, koma, tangu ulipokabidhiwa gari. Nukta. Tungependa pia madereva vijana waige mfano wako…'"

"Zimebaki dakika kumi na mbili," alisema Mwakigari, kwa sauti ile ile, na kwa muda ilikuwa kama barua inajikatiza yenyewe.

Aliisoma barua ndefu. Ilikuwa na aya nne, na kwenye aya ya tatu walimwombea afya. Bibi Tupokigwe alimsikiliza mpaka kwenye "Wako katika ujenzi wa taifa", hakumkata hata mara moja.

"Ina maneno mazuri," alisema.

"Siku hizi wanaandika vizuri."

"Sasa igeuze. Huo upande hauna kitu."

Mzee Ambokile hakuigeuza. Kidole chake kilipapasa karatasi, kikafika kwenye kona ambako muhuri wa kliniki ulikuwa umebonyea, kikasimama hapo.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye boksi la hewa."

"Boksi la hewa halifunguliwi na mtu."

"Mimi nimefungua. Nilikuwa nakagua."

Alivua kofia, akaiweka magotini. Nje wanawake walijifanya wanahesabu magunia.

"Naogopa, Mama Lugano," alisema mwishowe. "Wanaingiza kisu ndani ya jicho. Unakiona kinavyokuja."

"Wewe utakionaje? Huoni."

Kicheko kilimtoka puani kabla hajakizuia, kikageuka kitu kingine katikati. Mkewe alingoja. Kungoja alikuweza.

"Lakini njia naijua," alijitetea. "Sijagonga mtu. Lile la Ijumaa lilikuwa shimo."

"Shimo lilikuwa limebeba ndoo ya bluu, Baba Lugano. Lilijirusha kwenye chai ya Mama Syabumi ili likupishe wewe mkwe wake, na wiki nzima linakutafutia jogoo mweupe likuombe radhi."

Mzee Ambokile aligeuza uso kuelekea jiko. Hakuweza kuona kitu huko zaidi ya wingu la kijivu, na ndani ya wingu tofali, na ndani ya tofali jicho. Lakini alitazama muda mrefu.

"Zimebaki dakika tatu," alisema Mwakigari, polepole sana, kama asiyetaka.

"Mimi naweza kuweka kidole," alisema Bibi Tupokigwe, "na taa izimike. Naweza kumuuliza Mwakigari, na ofisi ijue, na usikae hapo tena mpaka unakufa. Vyote viwili nimevikataa tangu jana, na leo nimekuletea wewe. Siwezi kukushusha. Nitakaa hapa tu."

Na akakaa hapo tu.

Dakika moja ilipita. Gari likaanza kuunguruma lenyewe, kwa safari ya bondeni. Wanawake wakapiga yowe. Mtu akakumbuka kuchungulia kama kuna kuku ndani.

"Mwakigari," alisema Mzee Ambokile.

"Ndiyo."

"Mimi sioni." Alifungua mlango, akateremsha mguu, akaitafuta ardhi, akaipata. Akasimama nje na kofia mkononi. "Nimeshuka. Umesikia? Nimeshuka mwenyewe."

Taa ikazimika. Ilizimika taratibu chini ya plasta, kama taa za kawaida zinavyozimika, na uwanja mzima ukalipuka kwa vigelegele.

"Injini ni nzima," alisema Mwakigari.

"Ilikuwa mbovu lini?"

"Haijawahi."

"Basi umesema uongo siku saba!"

"Kumsingizia mtu nimekatazwa. Kujisingizia mimi mwenyewe hakuna aliyenikataza."

"Tabia hiyo umeitoa kwa nani?"

"Wewe husema goti," lilijibu gari.

Wanawake wa nyumba kumi na nne walicheka mpaka wengine wakakalia magunia. Na hayo ndiyo yalikuwa maneno ya mwisho ya Mwakigari kwa sauti ile, kwa sababu dereva akishuka, sauti yake hushuka naye, na gari huchukua ya jina la pili kwenye kadi. Lilikohoa. Lilitafuta ndani kwa ndani, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. Kisha likasema, kwa sauti ya Bibi Tupokigwe, ya taratibu, isiyo na haraka na mtu:

"Haya wanangu, pakieni chai. Moja moja. Msivunjane migongo."

Halafu Minza akatokeza kichwa nyuma ya jiko, kisha bega, kisha akatoka mzima, kanga begani, akaja mpaka kwenye mlango wa dereva. Gari lilimwambia, "Karibu, mwanangu," naye hakukimbia, akapanda na kushika usukani.

Swali likawa Mzee atakaa wapi. Kiwanda cha chai na kliniki ya macho viko njia moja, na kliniki ilipokea mpaka saa nane. Lakini baba mkwe na mke wa mwana hawawezi kukaa pamoja kwenye kibanda cha mbele, na Minza hakuwa tayari kulegeza mwiko siku ambayo ulikuwa umemfikisha kwenye usukani. Kina mama wa kwaya wakajadiliana hapo hapo, wamesimama. Wakaamua. Mzee Ambokile alipandishwa nyuma, juu kabisa ya magunia, mgongo kwa mgongo na mkwewe, uso ukitazama walikotoka, kofia kichwani kama chifu anayehama.

Waliteremka hivyo. Yeye hakumwona Minza, na Minza hakumwona yeye, na wote wawili waliheshimiana kuliko siku zote.

"Punguza!" Mzee Ambokile alifoka kutoka juu ya chai, walipoikaribia kona ya bomba.

"Nimepunguza, Baba Lugano," gari lilijibu kwa sauti ya mkewe.

"Sasa ongeza kidogo!"

"Nimeongeza."

"Hapo! Hapo hapo. Umeona? Lazima uwe na mtu anayeijua njia."

Bibi Tupokigwe, kwenye kiti cha pembeni, aliutazama mshale wa mwendo mbele yake. Ulikuwa umesimama mahali pamoja tangu watoke nyumbani, haujapungua wala kuongezeka hata unywele. Miaka minne gari lile lilikuwa limemsikiliza na yeye pia, bila mtu kujua.

Alitazama mbele, akafunga mdomo, akaliacha liendelee.